Dada Amehama na Cherehani Yake: Niweke Vigae au Nirudishe Mbao?

Mpendwa Mshauri,

Nusu ya watu wa mji huu wanalala kwa idhini yangu, na hilo nalisema bila kujisifu, kwa sababu mimi ndiye mlinzi mkuu wa geti la ghala la magodoro na hakuna godoro linalotoka pale, liwe la sponji au la springi, kabla sijalitazama na kutikisa kichwa, kwa hiyo ukiona naomba msaada ujue jambo limekuwa zito, na naomba barua yangu usiichanganye na za wale wanaokuandikia kwamba wameachwa. Mimi sijaachwa. Aliyeondoka nyumbani ni dada yangu mkubwa, na sababu ni sakafu.

Shule niliacha darasa la sita kwa hiari yangu, baada ya kuona mwalimu ameanza kurudia mambo, kwa hiyo mwandiko usikusumbue, wewe shika maana.

Nyumba yetu ni ya zamani, tuliachiwa na marehemu baba, fundi seremala, mimi na dada, na sakafu yake yote isipokuwa jikoni na bafuni ni ya mbao, na usidhani ni hizi mbao za siku hizi ambazo ukizikoholea zinapinda, hizi ni nene, zimelala juu ya mihimili, na chini yake kuna uwazi ambao mtoto anaweza kutambaa kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho, na kazi hiyo tuliifanya pamoja, baba akipima na mimi nikipigilia, nilikuwa na miaka mitano, msumari mmoja pigo moja, hadi baba akawa anawaita mafundi wenzake waje kutazama. Dada anasema siku zote hizo mimi nilikuwa nimelala kwenye maranda na aliyekuwa anashika misumari ni yeye. Lakini dada ana miaka sitini na mbili, na kumbukumbu za umri huo unazijua.

Sasa sikia. Miaka saba iliyopita nyumba ilivamiwa na panya, na ninaposema panya usifikirie hawa wanaokimbia ukiwasha taa, hawa walikuwa wanakuangalia kwanza, na mmoja wao, mkubwa wao, alikuwa na shingo, nakuapia, shingo kama ya mbuzi, nilipigana naye kwa fimbo ya ufagio hadi fimbo ikakatika na yeye akaondoka anatembea, hakukimbia. Dada hakuwaona kwa kuwa walikuwa wanakuja akiwa ametoka. Basi Jumamosi moja, peke yangu, nikachanganya saruji na kuyaziba matundu yote manane yaliyokuwa chini ya ukuta kwa nje, matundu ya ukubwa wa tofali ambayo sijui baba aliyaacha ya nini, nadhani tofali zilimwishia, na tangu siku hiyo hajaonekana panya hata mmoja, na majirani wawili walikuja kunipa mkono.

Kama mwaka mmoja baadaye, mbao zikaanza kubadilika. Kwanza harufu, kama ya kabati la nguo lililofungwa masika nzima, halafu kingo zikawa nyeusi, halafu ukikanyaga karibu na dirisha mguu unahisi kama umekanyaga mkate. Mimi si mtu wa kukurupuka, nilifanya uchunguzi wa siku tatu, nikampata mkosaji. Ni dada na deki yake. Dada ni mshonaji, cherehani yake iko chumba cha mbele, na kila asubuhi alikuwa anadeki ili vitambaa vya wateja visishike vumbi, na anavyodeki ni kama anazima moto. Nikaandika tangazo nikalibandika kwenye ujia: NI MARUFUKU KUDEKI KWA MAJI. AMRI YA MWENYE NYUMBA. Wateja wake wakija nilikuwa nawapokea mlangoni kwa upole, nawaambia mama, ingia taratibu, dada yangu ameozesha sakafu. Akaanza kukamua tambara hadi likawa kavu. Mbao zikaendelea kuoza. Akaacha tambara, akawa anafagia tu. Mbao zikaendelea. Nikamweleza kwamba hayo ni maji yake ya zamani, bado yanatoka.

Mwezi uliopita, alasiri, dada amekaa anashona gauni, mwenye gauni amesimama hapo hapo anasubiri, mguu wa cherehani ukazama. Dada akainuka aushike, na wa kwake ukazama pia, hadi gotini. Nilikuwa mlangoni.

"Dada, nimekwambia miaka sita," nikasema.

"Nivute kwanza. Hotuba baadaye."

Nikamvuta. Muundi wote umechubuka, damu inachuruzika hadi kwenye kiatu, na mimi kwa kuwa ni mtu wa kusema kweli nikamwambia, "Umeona maji yalivyofanya kazi."

Akajifunga muundi kwa kipande cha kitambaa. "Mdogo wangu," akasema, "hii sakafu sijaitia tone la maji tangu mwaka juzi." Halafu akamgeukia yule mteja. "Nisamehe, mama. Gauni lako utalifuata kwa binti yangu."

Kesho yake akaleta mkokoteni, akapakia cherehani, vitambaa, kiti chake na kioo cha wateja, akaenda kwa binti yake, mpwa wangu, ambaye ni mwalimu na anakaa vyumba viwili. Cherehani imewekwa kati ya kitanda na mlango. Mtu akitaka kutoka, dada anasimama.

Mimi nikaamua kumaliza tatizo kiume. Nikasema vigae. Vigae dada akitaka avimwagie mto mzima. Nikaanza na ujia, mwenyewe, juu ya zile zile mbao, gundi, kigae, gundi, kigae, kazi safi, ungeona ungedhani ni benki. Siku ya kumi na moja vikaanza kupasuka. Sasa nikipita vinaniitikia, krak, krak, kama natembea juu ya biskuti, na nina hakika niliuziwa vigae vibovu.

Nikamwita fundi sakafu, mmoja tunamwita Kimya. Akaingia, akarukaruka mara moja katikati ya sebule, akachomeka bisibisi kwenye muhimili, ikaingia yote. Akasema, "Vigae, hapana." Akatoka nje akaizunguka nyumba, akainama chini ya ukuta, akauliza, "Nani kaziba?" Nikamjibu kwa fahari kwamba ni mimi, peke yangu, Jumamosi moja. Akafunga begi lake akaondoka. Mafundi wa siku hizi wana wivu sana.

Mpwa wangu naye kanijia juzi. "Mjomba," akasema, "mama anataka kurudi. Wateja wake wako pale, nusu hawapajui kwangu. Lakini harudi kwenye nyumba ambayo wewe unawaambia watu mlangoni kwamba yeye ndiye aliyeiozesha."

"Basi niweke vigae, yaishe," nikamwambia.

"Vigae, mbao, weka hata magodoro. Kwanza tafuta kilichoozesha."

Mshauri, kilichoozesha nimeshakitaja. Ninachotaka kwako ni kidogo tu. Andika gazetini kwamba nyumba ya zamani inafaa vigae, na kwamba mbao na mtu wa kudeki haviwezi kukaa nyumba moja. Kama kuna nafasi andika kwa herufi kubwa, nitaikata niipeleke kwa dada aisome mwenyewe, arudi tukiwa tumeelewana.

Wako,
Msimamizi wa Magodoro

*

MSHAURI ANAJIBU

Msimamizi, pole na hongera. Pole kwa dada yako, hongera kwa barua. Kwa miaka yangu yote ya kazi hii sijapata mtu aliyejipeleleza, akajikamata, akajishitaki, akaweka ushahidi wote mezani, halafu akaomba afungwe mtu mwingine.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilimsomea kwa simu fundi ninayemwamini, na yeye hakucheka. Aliponisikia nataja matundu manane alinikatisha: "Ameyaziba yote?" Nikasema yote. Akasema Kimya wenu alishaona. Sasa najua kwa nini yule bwana alifunga begi. Haukuwa wivu.

Baba yako hakuishiwa tofali. Alikuwa seremala, alijua anachofanya. Sakafu ya mbao iliyoinuliwa inapumua kwa chini. Ardhi inatoa unyevu kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na upepo unaopita kwenye matundu yale ndio unaoubeba kuutoa nje. Ulipoziba, unyevu ukabaki ndani, ukapanda kwenye mihimili, ukapanda kwenye mbao, ukazila kutoka chini. Ndiyo maana harufu ilianza mwaka mmoja baada ya Jumamosi yako tukufu. Ndiyo maana dada yako alipokamua tambara hakikubadilika kitu, na alipoacha kudeki kabisa hakikubadilika kitu. Mtu mwingine angejiuliza. Wewe ukasema ni maji ya zamani. Hayo maji yalikuwa yanakaa wapi, ndugu yangu, kwenye benki?

Kwa miaka sita mwanamke mzima, mkubwa wako, ametembea kwa kunyata ndani ya nyumba ya baba yake akiamini ameibomoa kwa tambara. Mwishowe ikammeza mguu, na ulipomtoa hukuuliza kama anaweza kusimama. Ulimpa hotuba. Halafu hii habari ya "amri ya mwenye nyumba". Umeandika mwenyewe kwamba nyumba mliachiwa wawili. Nusu iliyobandika tangazo ilipata wapi ruhusa ya kuiamuru nusu inayodeki?

Sasa swali lako. Vigae au mbao.

Vigae havitaki kitu kinachocheza chini yake, na mbao zako zinacheza hata paka akipita. Ule ujia haukuuziwa vigae vibovu. Uliwekewa vigae vizima juu ya mbao mbovu, na ukikanyaga mbao zinashuka, vigae haviwezi kushuka, vinapasuka. Zaidi ya hapo ni uzito. Sebule nzima ya vigae juu ya mihimili ambayo bisibisi inaingia kama kwenye papai, safari ijayo haitakuwa mguu, itakuwa wewe mzima na sofa. Anayetaka vigae kwenye nyumba kama yenu lazima ang'oe kila kitu, ashindilie kifusi, amwage zege, na hapo umeshaivunja nyumba ya baba yako ili tu usiseme neno moja kwa dada yako. Jikoni na bafuni, ambako chini ni saruji tayari, weka vigae unavyotaka, na hivyo ulivyobakiza vipeleke huko. Kwingine kote ni mbao.

Fanya hivi. Anza na nyundo na tindo, Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku yako ya mambo makubwa. Fungua matundu yote manane. Weka wavu wa chuma kila tundu, upepo upite na mnyama asipite. Kisha ondoa vigae vya ujia na mbao zote zilizooza, uache chini pakauke wiki kadhaa. Usiwe na haraka, ulisubiri miaka saba. Mrudie Kimya kwa adabu, akague muhimili mmoja mmoja, unaopitisha bisibisi utolewe, mzima ubaki. Mbao mpya zianze chumba cha mbele, pale palipokuwa na cherehani.

Lakini kabla hujashika hata nyundo, nenda kwa mpwa wako. Dada yako asimame kukupisha mlangoni, halafu akae, na wewe ubaki umesimama. Mwambie: "Dada, sakafu niliiozesha mimi." Maneno manne, hata kwa darasa la sita yanatosha. Usimwongezee panya. Ukimaliza, kila mteja uliyempokea mlangoni kwa ule upole wako, mtafute umwambie hivyo hivyo. Tangazo la kwenye ujia ling'oe kwa mkono wako.

Na kuna jambo limenikera tangu jana. Nyumba yenu ni ya mshonaji. Ina vitambaa, nyuzi, mabaki ya pamba kila kona. Umenieleza panya ana shingo ya mbuzi, anatembea hakimbii, lakini katika barua nzima hakuna kitambaa hata kimoja kilichotafunwa. Panya wanaoishi na mshonaji wasiguse kitambaa sijawahi kuwasikia. Na walikuwa wanakuja dada akiwa ametoka tu. Hilo mimi sitalichimba. Ila wewe unajua.

Kuhusu herufi kubwa ulizoomba, nafasi ilikuwepo. Kata hii uipeleke: ALIYEOZESHA SAKAFU SI DADA.

*

BARUA YA PILI KUTOKA KWA MSIMAMIZI WA MAGODORO

Mpendwa Mshauri,

Gazeti lako pale ghalani lilisomwa na watu wote, na dereva mmoja akalisoma kwa sauti, mara tatu, akiwa amesimama juu ya magodoro ili wa nyuma wasikie, kwa hiyo umaarufu wangu umeongezeka, ingawa si kwa upande niliouzoea.

Nilikwenda. Yale maneno manne niliyasema, ya pili na ya tatu kwa shida kidogo. Dada alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na hakuinua kichwa hadi ulipoingia. Akasema, "Haya. Na wateja?" Nikasema nitawaambia. Akasema, "Anza na mwenye gauni." Nimeshawaambia kumi na mmoja. Mmoja wao alinitaka nirudie kwa sababu alikuwa na mgeni ndani ambaye hakusikia.

Matundu nimeyafungua, wavu nimeweka, chini pamekauka, na Kimya alirudi akaongea sentensi nzima. Chumba cha mbele kimepigwa mbao mpya, na misumari alikuwa anashika dada. Mimi sikulala. Amerudi Jumapili na mkokoteni wake, na anadeki kila asubuhi, tambara limelowa kweli kweli, huku ananitazama.

Sasa kuhusu panya. Hapakuwa na panya. Lile tundu la upande wa jikoni, upepo wa alasiri ukivuma, lilikuwa linapiga mluzi, mrefu, kama mtu aliye chini ya nyumba anaita, na dada akienda kununua nyuzi nilikuwa naogopa kubaki ndani peke yangu. Mchana kweupe. Nilikuwa na miaka arobaini na sita.

Limefunguliwa na limeanza tena. Dada amekwenda kununua nyuzi, na barua hii naiandikia nje, kwenye ngazi.